UZI: Ampu ya omu 2 ilifungiwa omu 1, ikaungulia njiani Tukuyu. Tupime vipi kabla ya kufunga sabufa?

Noah_ya_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Uyole, Mbeya, na uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nimepoteza ampu (kikuza sauti) na sabufa (spika ya besi) moja kwa siku moja, na sitaki mwingine apite nilipopita mimi.

Gari ni Noah, umeme wa volti 12. Nilinunua sabufa mbili za inchi 12 zinazofanana, kila moja ina koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zile zinazoandikwa DVC nyuma ya sumaku. Kila sabufa inabeba wati 400 za kudumu. Ampu ni ya chaneli moja. Ubavuni imeandikwa wati 500 kwa omu 4, wati 800 kwa omu 2, na chini yake kwa herufi ndogo sana: isishuke chini ya omu 2. Hayo maandishi madogo mimi sikuyasoma. Nilisoma 800 nikafurahi.

Fundi aliyenifungia (simtaji, na wala si wa kutaja) alikusanya moto (chanya) zote nne pamoja, na hasi zote nne pamoja, akapeleka kwenye ampu. Akawasha. Wakuu, besi ilitikisa mpaka vioo vya duka la jirani. Nikamlipa, nikaondoka nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mbeya.

Jumamosi nikabeba familia kwenda Tukuyu. Uyole mpaka Igawilo hakuna shida. Kwenye kile kipande cha kupandisha, besi ikakata, taa ya ampu ikageuka nyekundu. Nikasimama, nikasubiri dakika kumi, ikarudi kijani. Nikaendelea. Ikakata tena. Nikampigia fundi, akasema fyuzi za ampu ni ndogo, zimekaa mbili za ampea 40, niweke za 60. Duka la vipuri lilikuwepo pale pale barabarani, nikanunua, nikaweka. Kweli, ikawa haikati tena.

Kabla ya kufika Kiwira mke wangu akasema anasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mimi nikasema ni breki za lori lililo mbele. Dakika mbili baadaye ikapigwa "pwaa" moja kutoka nyuma, kisha moshi. Nilipofungua mlango wa nyuma, koni ya sabufa ya kulia ilikuwa imetokeza nje na kuganda pale pale, kama mtu aliyevuta pumzi akashindwa kuitoa. Ukiisukuma kwa vidole hairudi.

Ampu nimeitengeneza kwa Sh 85,000, transista zote za upande wa kutolea zimebadilishwa. Sasa nina ampu nzima, sabufa moja nzima, na maswali matatu:

Nini hasa kiliua ampu? Nikinunua sabufa ya pili kama ile, nafungaje ili nipate omu 2 niliyoandikiwa? Na kuna namna ya kupima mwenyewe kabla ya kuwasha, bila kumtegemea mtu?

FundiKabwe

Pole sana mdogo wangu, na pole kwa shemeji, maana pua yake ndiyo iliyoona tatizo mapema. Nafunga redio za magari hapa Kabwe miaka mingi, na kesi kama yako naletewa karibu kila mwezi. Nitajibu lile la pili kwanza, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wengi.

Huwezi. Sabufa mbili za koili mbili za omu 4 hazitoi omu 2. Haipo. Una koili nne za omu 4. Ukizifunga zote paraleli (moto na moto, hasi na hasi) unapata omu 1. Ukifunga kila sabufa koili zake sirizi (zikifuatana, hasi ya moja kwenye moto ya nyingine), inakuwa omu 8 kila moja, kisha ukaziweka sabufa mbili paraleli, unapata omu 4. Ukizifunga zote nne sirizi unapata omu 16, ambayo haina kazi kwenye gari. Omu 1, 4 au 16, basi. Mtu akikuambia "nitakutafutia omu 2 hapo", ama hajui, ama ataacha koili moja bila waya, na koili isiyofungwa inamaanisha sabufa inabeba nusu ya wati zake tu.

Hili ndilo jambo la kuuliza dukani kabla ya kutoa hela. Usiulize sabufa ina wati ngapi. Uliza: ampu yangu inataka omu ngapi, na hizi sabufa, kwa idadi ninayotaka, zinaweza kuitoa? Kwa ampu yako ya omu 2, kama ulitaka sabufa mbili zifike pale pale, ulitakiwa ununue zenye koili mbili za omu 2. Kila moja sirizi inakuwa 4, mbili paraleli zinakuwa 2. Au sabufa mbili za koili moja ya omu 4, paraleli, unapata 2 moja kwa moja.

Sasa kilichoua. Ampu yako kwa omu 2 ikitoa wati 800 inasukuma volti 40. Piga hesabu: 40 mara 40 gawa kwa 2 ni 800. Volti hizo hizo kwenye omu 1 zinataka wati 1,600. Ampea zinazopita kwenye transista zinatoka 20 zinakwenda 40. Na joto ndani ya transista halipandi mara mbili, linapanda mara nne, kwa sababu linafuata ampea mara ampea. Ile taa nyekundu pale Igawilo ilikuwa ampu inajiokoa. Fyuzi zilikuwa zinafanya kazi yake. Ulipoweka 60, uliondoa mlinzi wa mwisho.

Ile "pwaa" ni transista kushoti. Zikishoti, umeme wa moja kwa moja unaingia kwenye koili badala ya muziki. Koili inasukumwa upande mmoja na kubaki pale huku inaungua. Ndiyo maana koni iliganda nje.

Mwl_wa_Mafinga

Kamwene wadau. Nafundisha fizikia sekondari, na uzi kama huu nitauchukua darasani kesho, mniruhusu.

Fundi amesema sawa sawa. Naongeza picha kwa wale ambao sirizi na paraleli zinawachanganya. Fikirieni uwanja wa Sokoine siku ya mechi kubwa. Watu wanasukumana nje, huo msukumo ndio volti. Geti moja likiwa wazi, wanaingia kwa kiasi fulani. Fungua geti la pili pembeni ya lile la kwanza, wanaoingia wanakuwa mara mbili, kwa msukumo ule ule. Hiyo ndiyo paraleli: ukinzani umepungua nusu, mkondo umeongezeka mara mbili. Sasa weka mageti mawili yakifuatana, ukipita la kwanza unakutana na la pili. Foleni inakuwa ndefu, wanaoingia wanapungua. Hiyo ni sirizi, na ukinzani unajumlishwa.

Ampu ndiyo inayowapitisha watu wote hao. Ukiifungulia mageti manne kwa pamoja, msongamano hauko kwenye mageti, uko ndani ya ampu.

Kanuni yenyewe ni ya Mjerumani Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827: volti ni ampea mara omu. Kwa paraleli ya koili zinazofanana hamhitaji hesabu ndefu, gawanya omu ya koili moja kwa idadi ya koili. Koili 4 za omu 4: 4 gawa kwa 4 ni 1.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Omu iliyoandikwa kwenye sabufa si namba iliyosimama. Muziki ni umeme unaobadilika, na ukinzani wa sabufa unapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa. Karibu na noti ambayo boksi na koni vinapenda kutikisika, ukinzani unaweza kupanda mara kadhaa ya ulioandikwa. Kwenye noti nyingine unashuka karibu na ule unaosomwa na mita. Kwa hiyo namba ya mita ndiyo sakafu. Pimeni hiyo, mhakikishe hata hiyo sakafu ampu inaivumilia.

Noah_ya_Uyole

Ndaga fijo fundi. Na shikamoo mwalimu. Sasa nimeelewa kwa nini ilikuwa tamu siku ya kwanza: nilikuwa nakula wati ambazo si zangu.

Nina mita ya kawaida ya Sh 15,000. Nimepima ile sabufa nzima, koili moja inasoma 3.9, nyingine 3.9. Ile iliyoungua, koili moja haisomi kitu, nyingine inasoma 1.1. Nilitegemea nione 4 kamili kwenye ile nzima. Je, nayo imeanza kuharibika?

FundiKabwe

Nzima kabisa. Koili ya omu 4 kwenye mita husoma chini ya 4, mara nyingi kati ya 3.2 na 3.8. Hiyo 3.9 yako ina nyongeza. Fanya hivi: weka mita kwenye omu 200, gusanisha ncha mbili za waya wa mita zenyewe kwa zenyewe. Itasoma labda 0.3 au 0.4. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yako. Uutoe kwenye kila kipimo. Kwenye omu 8 haisumbui, lakini ukipima omu 1 na mita inakuongezea 0.4, utadhani uko salama kumbe hauko.

Na kosa la watu ni kupima kwenye sabufa. Usipime pale. Funga nyaya zote kama unavyotaka zikae, ingiza sabufa kwenye boksi, piga skrubu, kisha chukua zile ncha mbili za mwisho zinazokwenda kwenye ampu, ampu ikiwa haijaunganishwa, upime hapo. Hiyo ndiyo namba ambayo ampu itaiona. Katika boksi la sabufa mbili zako nikiona 3.5 naendelea na kazi. Nikiona 0.9 naweka bisibisi chini na kufungua boksi upya.

Sukuma koni taratibu kwa viganja viwili ukiwa unapima. Namba itarukaruka kidogo kisha itulie. Ikipotea kabisa koni ikisogea, kuna waya umekatika karibu na koili. Ukisikia mkwaruzo ndani, koili imejikunja kwa joto, sabufa hiyo hata ikisoma vizuri usiiamini.

Iliyosoma 1.1 ni koili iliyoungua varnishi, mizunguko imegusana. Usije ukaijaribisha kwenye ampu uliyotoka kuitengeneza!

BintiTukuyu

Samahani kaka zangu, naingilia kidogo. Mimi nina IST, ampu ya chaneli nne. Kitabu kinasema kila chaneli inavumilia omu 2, na ukibriji chaneli mbili (kuziunganisha zisukume sabufa moja) isishuke chini ya omu 4. Nina sabufa moja, koili mbili za omu 2. Dukani wameniambia nifunge paraleli "ipige zaidi". Nimeogopa baada ya kusoma hapa.

Mwl_wa_Mafinga

Umefanya vema kuogopa, dada. Paraleli ya koili mbili za omu 2 ni omu 1. Ampu ikibrijiwa, chaneli mbili zinagawana mzigo, moja inasukuma na nyingine inavuta, kila chaneli inaona nusu ya omu ulizofunga. Kwa hiyo omu 1 kwenye briji ni omu 0.5 kwa kila chaneli. Kitabu kinasema 2. Hiyo ni robo ya inachovumilia.

Funga sirizi: moto ya briji iende kwenye moto ya koili ya kwanza, hasi ya koili ya kwanza iende kwenye moto ya koili ya pili, hasi ya koili ya pili irudi kwenye ampu. Unapata 4, na ndiyo hasa ampu yako inayotaka kwenye briji. Sabufa yako na ampu yako zimeelewana kabisa, aliyekosea ni aliyekushauri.

FundiKabwe

Na ukifunga sirizi angalia alama za kujumlisha na kutoa kwenye vichwa vya koili. Ukigeuza koili moja, zinavutana, koni haisogei, besi hakuna, na watu hudhani sabufa mbovu wanaongeza sauti mpaka inaungua. Kabla ya kufunga boksi chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha kwenye zile ncha mbili za mwisho, kujumlisha ya betri kwenye moto na kutoa kwenye hasi, kwa sekunde moja. Koni inatakiwa ichomoke nje kidogo. Ikiingia ndani, umegeuza nyaya zote. Isipofanya kitu, umegeuza koili moja. Kwa sabufa mbili, zote zitoke nje kwa pamoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi zitauana humo humo ndani ya gari.

Dereva_Makambako

Wakuu mimi naendesha Coaster, Makambako kwenda Njombe. Abiria wanapenda muziki na mimi pia. Gari ni ya volti 24, ina betri mbili. Fundi alichukua moto ya ampu kwenye betri moja ili apate 12. Mwaka haujaisha nimebadilisha betri mbili, na ni ile ile moja inayokufa mapema. Nyingine inachemka maji. Je, hii nayo ni ya omu?

FundiKabwe

Kaka, hiyo si ya omu lakini ni ndugu yake, na ni nzuri kuileta hapa kwa sababu Coaster na Fuso nyingi za huku kwetu zimefanyiwa hivyo.

Alteneta yako inachaji betri mbili kama kitu kimoja. Inaangalia jumla tu. Ukinyonya ampu kwenye betri moja, hiyo inashuka, lakini alteneta haijui. Inaendelea kusukuma mpaka jumla itimie. Weka mita kwenye kila betri gari likiwa linaunguruma, utashangaa. Niliwahi kupima Coaster moja, jumla ilikuwa 27.4, ambayo ni sawa. Lakini betri iliyobeba redio ilikuwa 12.3 na mwenzake 15.1. Moja ina njaa, nyingine inachemshwa. Zote mbili zinakufa, kwa sababu mbili tofauti.

Dawa ni kipunguza volti cha kutoka 24 kwenda 12, kinachonyonya betri zote mbili kwa usawa. Uwe mkweli na ukubwa wake. Kipunguza cha ampea 30 kinakupa wati 360 kuingia kwenye ampu, na ampu haitoi zote. Kwa hiyo ampu ndogo, omu 4, uishi kwa amani. Ukitaka ampu kubwa, kuna vifaa vya kusawazisha betri mbili, vinakaa kati yake na kurudisha zilizopungua, ila navyo viendane na ampea za ampu yako.

Dereva_Makambako

Nimetoka kupima sasa hivi hapa stendi. 12.5 na 14.9. Aisee. Kesho nautoa huo waya.

Noah_ya_Uyole

Fundi, nirudi kwangu. Nimebaki na njia mbili. Nitumie sabufa hii moja, koili zake paraleli, nipate omu 2 na wati 800. Au ninunue ya pili, nifunge omu 4, nipate wati 500. Moyo unaniambia 800.

FundiKabwe

Moyo unasoma namba kubwa. Sabufa moja inabeba 400, wati 800 zote huwezi kuipa. Kwa hiyo hapo una 400 tu za kutumia, na geini (kile kitufe cha ampu cha kuzungusha kuongeza nguvu) lazima uikabe.

Sabufa mbili kwa omu 4 zinagawana 500, kila moja 250. Koni ni mbili, hewa inayosukumwa ni ya koni mbili. Kwa wati zile zile, koni mbili zinakupa karibu desibeli 3 zaidi ya moja, ilimradi kila sabufa ipate nafasi yake ya boksi. Ongeza desibeli 1 ya kutoka 400 hadi 500. Utasikia besi kubwa kuliko ile moja, ampu ikiwa inafanya kazi ya nusu mzigo, na gari linanyonya kidogo.

Hilo la kunyonya nalo ulipigie hesabu. Ampu yako ni ya daraja D, inatumia vizuri umeme, tuseme asilimia 80. Wati 800 zinataka wati 1,000 kutoka kwenye betri, gawa kwa volti 13.8, ni ampea 72. Wati 500 ni kama ampea 45. Sasa usiku taa zinawaka, feni ya kupasha joto inazunguka maana ni Juni na baridi ya Uyole unaijua mwenyewe, alteneta ya kawaida ya gari kama lako itakuwa imebanwa. Taa zikianza kucheza na besi, ujue volti zinashuka.

Mwl_wa_Mafinga

Hapo kwenye fyuzi na wati kuna kipimo kizuri cha kutambua ampu zinazodanganya kwenye boksi. Jumlisha ampea za fyuzi zilizochomekwa kwenye ampu, zidisha kwa 13.8, kisha zidisha kwa 0.8. Ampu ya ndugu yetu: 80 mara 13.8 mara 0.8 ni karibu 883. Imeandikwa 800, imesema kweli. Nimewahi kuona ampu imeandikwa wati 3,000 ina fyuzi mbili za 30. Hiyo haiwezi kuzidi 660, hata ingeandikwa kwa dhahabu.

FundiKabwe

Kweli kabisa mwalimu. Na kabla sijasahau, nyaya. Mdogo wangu, nenda kakague waya mkubwa uliofungiwa. Kata kipande kidogo mwishoni, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme vibaya zaidi, kwa hiyo inabidi uweke mnene zaidi. Kwa ampu yako nataka namba 4 ya shaba, kama milimita 21 za mraba, kwa moto na kwa eathi pia. Watu hununua moto mnene na eathi kama kamba ya kiatu, wakati umeme unaokwenda lazima urudi.

Eathi iwe fupi, ifungwe kwenye bodi mahali ulipokwangua rangi mpaka chuma king'ae. Fyuzi ya waya mkubwa ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Hiyo kazi yake si kulinda ampu, inalinda waya. Waya ukikwaruzwa na chuma mahali popote kabla ya fyuzi, hakuna wa kuuzima, na gari linaungua lote. Noah yako weka ya 80. Na zile 60 ulizonunua njiani zitoe leo, rudisha 40.

Ampu isikae chini ya zulia. Najua njia ya Tukuyu, watu wanarudi na mikungu ya ndizi nyuma, wanaiegemeza juu ya ampu. Inataka hewa pande zote.

BintiTukuyu

Na geini mnaiwekaje? Mimi huwa nazungusha mpaka ipendeze.

FundiKabwe

Masikio hudanganya, dada. Tafuta toni ya hezi 50 kwenye simu, zile za kupimia. Chomoa sabufa kwenye ampu kabisa. Zima kiongeza besi chote, kwenye redio na kwenye ampu. Sauti ya redio iwe robo tatu. Weka mita kwenye volti za umeme unaobadilika, ncha mbili kwenye tundu za kutolea za ampu. Anza na geini ikiwa chini kabisa, zungusha polepole mpaka ufike volti unayoitaka, uache hapo.

Volti yenyewe: zidisha wati unazotaka kwa omu ulizofunga, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa Noah, omu 4, nashauri wati 400 tu, 400 mara 4 ni 1,600, kipeuo chake 40. Kwa hiyo volti 40. Kwako wewe, kama sabufa yako inabeba wati 300 na ampu inazitoa, 300 mara 4 ni 1,200, kama volti 34.6. Ukizidisha geini, wimbi linakatwa kichwa, na koili inapata joto ambalo halikuwa la muziki. Sabufa nyingi zinazoletwa hapa Kabwe zimeungua hivyo, omu zikiwa sahihi kabisa.

Noah_ya_Uyole

Wakuu, mrejesho. Nimenunua sabufa ya pili, ile ile, nilihakikisha nyuma ya sumaku kabla ya kulipa. Nimefunga mwenyewe mezani, kila sabufa sirizi, kisha mbili paraleli. Betri ya tochi: koni zote mbili zimetoka nje. Mita kwenye ncha za mwisho: 3.9, nikatoa 0.3 za nyaya, imebaki 3.6. Fyuzi 40 mbili zimerudi. Waya wangu wa zamani ulikuwa mweupe ndani, nimeutoa, nimeweka shaba. Geini volti 40.

Jana tumeenda tena Tukuyu. Asubuhi baridi, mpira wa koni ulikuwa mkavu, nikaanza na sauti ya chini mpaka Igawilo, kisha nikafungulia. Karibu na Kiwira nikasimama pale pale ampu ilipofuka moshi, nikaenda nyuma nikaweka kiganja juu ya ampu. Ilikuwa na uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Taa kijani. Mke wangu akanusa, akasema hakuna kitu.

Besi si ile ya siku ya kwanza ya kutikisa vioo vya jirani. Ni safi zaidi. Nasikia noti, sisikii mngurumo tu.

Dereva_Makambako

Hongera sana. Kipunguza volti kimefungwa Coaster. Betri 13.8 na 13.7.

BintiTukuyu

Na mimi nimefunga sirizi, boksi limefungwa skrubu zote. Mita inasoma 4.0 kwenye ncha za mwisho. Naunganisha ampu?

FundiKabwe

Uligusanisha ncha za mita kwanza?

BintiTukuyu

Ndiyo, zinasoma 0.3. Kwa hiyo 3.7. Koni imetoka nje kwa betri ya tochi.

FundiKabwe

Unganisha. Hiyo 3.7 kwenye mita ndiyo omu 4 yako. Geini ianze chini kabisa.